Mama Kabati na Mikono Kumi na Tisa

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mtunza picha wa gazeti letu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Tunamwita Mama Kabati, maana kabati la picha ni lake, hata mhariri mkuu huomba ruhusa. Nimeambiwa niandike mimi wa mtambo wa kuchapa, kwa kuwa hakuna anayemjua kunizidi. Shule nilisoma miaka minne tu, lakini kila neno la gazeti hili limepita mikononi mwangu, sasa nani kasoma kuliko mimi? Karani alitaka kuninyooshea maneno, nikamwambia akanyooshe shati lake.

Alianza kazi mwembamba kama ufagio, na haoni haya kumkatalia mtu. Waandishi wa michezo walipomrudishia picha zina madoa ya chai, mwezi mzima aliwapa zile ambazo timu yao inafungwa.

Mwaka wake wa tisa kazini, mwalimu mmoja alimuua mkewe. Ukurasa wa kwanza tukaandika kwamba mwalimu ni mpole, wanafunzi wanampenda, wivu ulimzidi. Mke hatukumtaja jina. Tuliandika tu kwamba alikuwa akichelewa kurudi. Picha ilikuwa ya harusi. Mume alikuwa bado hajafikishwa mahakamani, kwa hiyo tulimkata kwa mkasi kama kawaida yetu, akabaki mke. Nikachapa. Macho yangu hukamata hata nukta iliyokosewa, lakini siku ile kile kilichokuwa begani nilidhani ni ua la gauni.

Kesho yake asubuhi akaja mama wa marehemu. Hakulia. Aliweka gazeti mezani kwa Mama Kabati, akagusa bega la mwanawe kwa kidole. "Mume mmemkata, mkono wake mmeniachia. Huu ndio uliomnyonga." Simu ikalia weee, hakuna aliyeinua.

Alipoondoka, Mama Kabati alifungua droo ya wanawake waliouawa, akatandaza picha zote mezani, mchana kweupe. Tukazunguka. Huyu mkono kiunoni. Huyu mkono shingoni. Mwingine vidole vinne tu na saa, saa yenyewe inasema tano na dakika kumi. Mikono kumi na tisa haina wenyewe, na wanawake wote wanacheka. Mhariri akasema, "Funga hiyo droo, mama." Akajibiwa, "Ifunge wewe, baba." Hakuna aliyeisogelea, hata mimi, na mimi siogopi kitu.

Tangu siku ile huenda mwenyewe kwa wafiwa, kwa miguu. Anabisha hodi, anatoa pole, anaomba picha ya marehemu akiwa peke yake, anauliza alifanya kazi gani na alipenda nini. Yote anayaandika nyuma ya picha. Mhariri akifoka kwamba mtambo unasubiri, anamwambia, "Mtambo si una mwenyewe? Muulize kama kalalamika." Mwenyewe ni mimi. Sijalalamika.

Jumanne wiki hii ameuawa fundi cherehani. Nyumbani hakuna picha hata moja akiwa peke yake. Mume alikuwa hamruhusu. Ipo ya wawili, mkono begani. Mhariri akabembeleza, "Mara hii tu, Mama Kabati. Unaondoka, usituachie ugomvi." Yeye huyoo, kachukua mkoba, kaenda dukani kwa fundi, kawauliza wateja mmoja mmoja. Saa nane mchana karudi na picha ya bibi harusi anajaribu gauni mbele ya kioo. Ndani ya kioo, nyuma kabisa, yupo fundi, pini mdomoni, anatutazama. Peke yake. Tukamkuza. Chini tukaweka jina lake lote, na kwamba sare za shule ya mtaa ule alizishona yeye.

Nilichapa nakala elfu sita. Kila karatasi iliyotoka ilinitazama. Miaka arobaini kwenye mtambo, sijawahi kutazamwa vile. Sikugeuza uso.

Mama Kabati, asante. Umetufundisha wazee tusiofundishika, mimi nikiwa wa kwanza. Kapumzike, ushibe, ucheke, wajukuu wakuchoshe kwa raha. Kuanzia Jumatatu nitabisha hodi mimi, mtambo utasubiri. Nawe huko uendako tuombee tukose mlango wa kubisha.