Kurunzi Alimwambia Nini Mama Yake

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha kinyozi, mguu mmoja umeegemezwa kwenye tofali, na juu yake kuna ubao wa NYWELE NA NDEVU nilioandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa rangi nyekundu ambayo sasa imefifia. Tunakaa wanne. Kuna Kinyozi, anayechemsha kahawa na kwa hiyo anaamini maoni yake yana uzito kuliko yetu. Kuna Fundi Redio. Kuna Breki, dereva wa lori mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna. Na mimi, Brashi, mwandika mabango. Zamani tulikuwa watano. Wa tano ni Penseli, aliyekuwa akichora katuni pale mwisho wa benchi. Alihama akaenda mbali, na mwaka jana tukasikia amefariki. Asubuhi moja Fundi Redio alikuja na kitabu amekifunga kwenye gazeti. Kilikuwa *Kurunzi*, katuni ya kwanza kabisa ya Penseli, imechapwa upya baada ya miaka thelathini na kitu, jalada gumu, karatasi inang'aa. Nilipokiona roho iliniuma, sifichi.

FUNDI REDIO: Futeni mikono kwanza.

KINYOZI: Mikono hii inashika vichwa vya watu, itashindwa kitabu?

FUNDI REDIO: Ndiyo maana nasema futeni.

Kwa asiyeijua habari ya Kurunzi, ni hivi. Mtu wa kawaida amekaa kwenye benchi anakunywa kahawa. Mvua inanyesha. Radi inapiga bati, inateremka mpaka kwenye kikombe, naye anakinywa hivyo hivyo. Tangu siku hiyo, mtu akisema uongo mbele yake, kifua chake kinawaka taa. Watoto wa wakati ule walikuwa wakitembea na tochi ndani ya shati.

FUNDI REDIO: Haya, niambieni. Hapa kijiweni nani aliwahi kupigwa na umeme?

BREKI: Wewe ulipigwa na redio ya betri mbili.

FUNDI REDIO: Nne. Nikarushwa mpaka mlangoni, na Penseli alikuwa amekaa hapo hapo anaona. Mficha maradhi kifo humuumbua.

BREKI: Hiyo imeingiaje?

FUNDI REDIO: Nimeficha miaka yote, leo imejulikana. Kurunzi ni mimi.

KINYOZI: Hebu tazama hicho kifua cha humo kitabuni vizuri. Hicho ni kifua chako? Wewe ukivaa shati, shati linadhani bado liko kwenye kamba. Mwaka ule wa joto nilikuwa nanyolea watu nje bila shati. Penseli kila akiinua macho anaona nini? Kifua. Kinyozi hajinyoi, bwana.

BREKI: Na hiyo je?

KINYOZI: Yaani nisingeweza kujichora mwenyewe. Ilibidi anichore yeye.

BREKI: Nyinyi mnazungumzia kifua, hamsemi taa ilitoka wapi. Lori langu taa moja ilikufa, iliyobaki nikaihamishia katikati. Nikitokea kwenye ukungu, mtu anaona kifua kinakuja kinawaka. Halafu fungua ukurasa wa tisa. Kurunzi anaruka daraja lililovunjika. Nani hapa ameruka daraja?

KINYOZI: Wewe?

BREKI: Mimi.

KINYOZI: Na lori?

BREKI: Na lori, na mzigo wa saruji. Samaki mkunje angali mbichi.

FUNDI REDIO: Ulitua wapi?

BREKI: Upande wa pili. Kwani kuruka ni nini?

Walikuwa wanacheka, lakini macho hayakucheka. Kila mmoja alikuwa anakivuta kitabu upande wake kidogo kidogo.

FUNDI REDIO: Mimi mpaka leo mtu akinidanganya, hapa kifuani panapata moto.

KINYOZI: Sasa hivi panasemaje?

FUNDI REDIO: Panaunguza. Breki ametoka kuongea.

KINYOZI: Moto ni kitu kidogo. Mimi wateja wameona mwanga kwenye kioo.

BREKI: Mke wangu aliacha kununua mishumaa.

Mimi nilikuwa nageuza kurasa, namtafuta mtu mmoja tu humo: mimi. Penseli alikuwa na mkono wa dhahabu kwenye kuchora, lakini akiandika utasema kuku amepita. Kwa hiyo yale maneno yanayokaa ndani ya viputo, vile vinavyotoka midomoni mwa watu waliochorwa, niliyaandika mimi, kwa kalamu ya nibu, ukurasa baada ya ukurasa, kwenye benchi hili hili. Mwishoni mwa kitabu cha zamani palikuwa na mstari: *Maneno yameandikwa na Brashi.* Katika hiki kipya herufi ni za mashine, zote sura moja. Mstari wangu haupo. Niliwaonea wivu wenzangu, na si kwa kifua wala radi. Wao walidanganya wakasikilizwa, na mimi mwenye haki yangu sikuwa na hata herufi moja ya kuonyesha.

MIMI: Maneno haya niliandika mimi.

BREKI: Maneno alitunga Penseli.

MIMI: Alitunga yeye, nikaandika mimi. Kila herufi.

KINYOZI: Kuandika ulichotungiwa ni ukarani, Brashi. Asiye na mwana aeleke jiwe.

MIMI: Na huo ubao juu ya kichwa chako, unaokuletea wateja, ni ukarani?

KINYOZI: Wateja wanaletwa na mkono wangu. Ubao wenyewe herufi ya kwanza imekwisha, watu wanasoma YWELE.

FUNDI REDIO: Watu wanazungumzia nguvu, mwenzetu analeta habari za wino.

Nilikuwa nainuka niende zangu. Hapo akatokea mwanamke wa miaka thelathini na zaidi, ana mkoba begani, akasimama akilitazama benchi kabla ya kututazama sisi.

MWANAMKE: Shikamooni wazee.

KINYOZI: Marahaba, mwanangu. Lakini hapa wanawake hatunyoi.

MWANAMKE: Sikuja kunyoa. Mimi ni binti wa Penseli.

Tulimpa pole kwa pamoja, kila mtu na yake. Akaketi pale mwisho wa benchi, mahali pa baba yake, bila kuonyeshwa.

BINTI: Kitabu nimekichapisha mimi, kutoka nakala moja tu iliyobaki sandukuni. Mchwa walikula kurasa za nyuma. Ukurasa wenye majina uliliwa wote, na hapa mwisho pamebaki kitobo.

Akafungua picha ya mwisho. Kurunzi amerudi nyumbani, amesimama mlangoni. Mama yake yuko jikoni, amempa mgongo. Kiputo kinatoka mdomoni mwa Kurunzi, na ndani yake hamna kitu.

FUNDI REDIO: Nilidhani ni mtindo.

BINTI: Tunachapa tena mwezi ujao, nataka nikijaze. Kurunzi alimwambia nini mama yake?

Kinyozi akamgeukia Fundi Redio.

KINYOZI: Fundi, si ndiye wewe? Sema ulimwambia nini mama.

FUNDI REDIO: Mtu amepigwa na umeme, kumbukumbu atatoa wapi?

BREKI: Mimi nilikuwa bado niko darajani.

KINYOZI: Muulize Brashi, mwanangu. Maneno yote aliandika yeye. Kila herufi.

Wote watatu wakanigeukia. Miaka yote ile nilikuwa nalisubiri neno hilo litoke mdomoni mwa Kinyozi.

BINTI: Kumbe ndiye wewe? Baba alikuwa akikutaja. Jina lako litarudi kitabuni, mzee, hilo limekwisha. Nipe tu maneno.

Nikavaa miwani. Nikakipima kile kiputo kwa kidole gumba, kama nilivyokuwa nikifanya.

MIMI: Mistari mitatu. Maneno sita, au saba yakiwa mafupi. Wino ulikuwa unaisha, nikautia maji. Neno la mwisho nililibana, nafasi ilikuwa haitoshi.

BINTI: Ndiyo. Lilikuwa neno gani?

Nililiona lile neno nilivyolibana, na mkono wangu ulivyokaa. Neno lenyewe sikuliona. Nikapekua maneno yote ambayo mtoto humwambia mama yake akirudi, na lolote lingeenea humo. Ningetaja mojawapo, wale watatu wangeapa kwamba ndilo. Lakini Penseli alikuwa amekichora kifua cha Kurunzi cheusi, hakina taa, maana mlangoni pale hapakusemwa uongo, na yule binti alikuwa ananitazama kwa macho ya baba yake.

MIMI: Sijui, mwanangu. Nilikuwa naangalia herufi zikae sawa.

BINTI: Kitabu kizima, mzee? Hukuwahi kukisoma?

Hakuna aliyecheka. Kinyozi akachukua birika ammiminie mgeni kahawa, yakatoka mashapo tu.