Bi Wingu, Aliyewahi Maji ya Kwanza

Tunayemzika leo ni Bi Wingu, binti wa mchimba visima aliyeunywesha mtaa huu, mjukuu wa mkunga aliyewapokea wengi wenu mlioketi hapa. Alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Aprili 1979, mtoto wangu wa tatu na wa kike pekee. Jina la Wingu alipewa kazini, kwa kuwa likitanda tu, yeye huyoo, kashavaa mabuti.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 2001 akahitimu chuo cha maji. Hakuwa wa kwanza darasani, nisiwadanganye mbele ya jeneza. Alikuwa mbishi. Mwalimu wa sayansi aliniita akalalamika, "Mama, binti yako akiambiwa maji ni safi, anauliza nani kayapima." Nikamwambia, "Sasa si umjibu, mwalimu?"

Mwaka 2002 aliajiriwa maabara ya maji kupima uchafu unaooza mtoni: damu na samadi ya machinjioni, maji ya vyoo. Uchafu huo ukioza hula hewa iliyomo majini. Samaki wanakufa, na watu wanaokaa chini ya mto wanakunywa ugonjwa. Desturi ya ofisi ilikuwa gari lisitoke mpaka mvua ikatike. Wakifika darajani, uchafu wote umeshasombwa na maji ya kwanza, na majibu yanatoka mazuri. Mwaka nenda mwaka rudi, mazuri. Bi Wingu akakataa. Alikwenda mvua ikimpiga, akateremsha ndoo kwa kamba, akajaza chupa hadi zifurike, maana kiputo cha hewa kikibaki ndani, chupa inasema uongo. Dereva wa ofisi, ambaye yupo hapa, alikuwa akilia naye: "Dada, tutasombwa kwa ajili ya kinyesi cha watu!" Naye anamjibu, "Na chako kimo, kaka. Endesha."

Tarehe 18 Desemba 2004 alifunga ndoa na fundi baiskeli. Keki haijakatwa, mvua ikashuka, bibi harusi haonekani. Mashemeji wakaanza: "Bwana wee, mkeo katoroka!" Bwana harusi akasema, "Angetoroka asingechukua mwavuli wangu." Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka huu wakubwa walikubali kuufunga mfereji wa machinjio unaomwaga mtoni, ila waone kwanza chupa za mvua hizi. Wodi ya watoto ilikuwa imejaa wanaoharisha. Mwishoni mwa Februari mvua ikaja, mwanangu akaingia mtoni na kidonda mguuni. Chupa alizipata. Homa nayo ikampata. Macho yakawa manjano, figo zikagoma. Chupa zile hukaa gizani, sandukuni, siku tano ndipo zipimwe. Siku ilipofika yeye alikuwa hajitambui, na hakuna aliyelifungua sanduku. Zikaharibika, zikamwagwa. Basi, hatuna kitu. Mfereji uko wazi, na asubuhi hii mmechota maji yale yale ya mto.

Alifariki Ijumaa, tarehe 8 Machi 2024, hospitali kuu, wodi ya wanawake. Ameacha mume, mabinti wawili, kaka wawili, na mimi mama yake, niliyedhani yeye ndiye angenizika. Mola ampe pumziko ambalo sisi tuliobaki hatulioni.

Siku moja kabla hajafariki, fahamu zilimrudia. Hakuniulizia mimi, alimtaka dereva. Akaja, kofia mkononi.

"Chupa?"

"Zimemwagwa, dada."

Akageukia ukutani. Kisha akauliza, "Mvua ijayo anakwenda nani?"

"Wanasema wangoje aajiriwe mwingine."

"Utakwenda wewe. Umeniona miaka yote hii. Jaza mpaka zifurike, zifunike gizani, na siku ya tano mkalie mpimaji kichwani mpaka azipime. Usingoje ruhusa, usingoje ikatike. Na ikinyesha siku ya kunizika, kaka, usibaki kaburini. Nenda darajani."