Ile Nne ya Mwisho

Ndeshi, zima televisheni. Edson, sogea, kama umeendesha saa nne nzima kutoka Alief kule Houston uje kusimama mlangoni kama mleta piza, ungebaki huko huko. Mimi kaka yenu Gelasius, niliyeacha shule kidato cha pili nikaendesha malori Texas nzima, ini linaniua kabla sijafika arobaini, na bado hakuna mtu Dallas yote anayezijua bunduki kuukuu za jeshi kunizidi. Nifungeni macho, niwekeeni mkononi bolti, kile chuma cha kusukumia risasi, nitawatajia nchi na kiwanda. Msomi gani wenu anaweza?

Kabatini ziko tatu. Ya Kirusi na ya Kituruki ni zako, Ndeshi. Namba ya bolti na ya mwili zinalingana, asikudanganye mtu kwamba ni vyuma chakavu, na ole wako uzipake vanishi, maana ile mihuri ya jeshi kwenye mbao ndiyo roho yake.

Ya tatu ni ya Kiingereza, Enfield ya Babu. Mnamkumbuka Babu, Keya, askari wa Mwingereza aliyerudi kutoka vita vya Burma na sikio moja, kila akinywa mbege anaitaja namba ya bunduki yake kama jina la mtoto: saba, nne, moja, nne. Miaka kumi na mmoja niliisaka kwenye maonyesho ya bunduki, Fort Worth hadi Houston, wauzaji wakinicheka, na siku nilipoileta hapa Lewisville, Mama alipiga magoti akaibusu. Wewe Edson ukawasha tochi ya simu, ukasema mbele ya wageni, "Kaka, hii nne ya mwisho ni mpya." Nikakuita muuza soksi usiyejua bunduki, nikakufukuza. Mama alikufa akiuliza Edson yuko wapi, nami nikamjibu umetususa.

Haikuwa nne. Ilikuwa moja. Saba, nne, moja, moja. Tarakimu moja tu, jamani! Nikanunua patasi, nikaichonga gerejini, kwenye mwili na kwenye bolti. Bunduki iliyopitia vita nzima ikiwa na namba zake, nikaja kuiharibu mimi, bingwa wa kutambua bandia. Mama alibusu chuma cha mtu mwingine.

Na sheria ya hapa haina mchezo na namba iliyochezewa. Atakayeirithi anarithi jela. Kwa hiyo msiiuze, msiiguse, Edson usiipakie garini eti kumbukumbu. Nikishakata roho mpigieni wakili, yeye ndiye ajue namna ya kuikabidhi serikalini. Na msibani mchungaji akianza kuisifu bunduki ya Babu, simama, muuza soksi, uwaambie ulichokiona.

Maji, Ndeshi... kidogo tu. Usilie, unanimwagia. Mungu awatunze wadogo zangu, awape... awape kuongea nyie kwa nyie. Edson, nipe mkono. Macho yako yabarikiwe, yaliona. Tuitaje namba ya bunduki hii, ile yake ya kweli. Saba... nne... moja...

Malizia wewe. Mimi siaminiki.