Mwisho wa Wimbo wa Konokono

Benchi la kahawa la Mama Sylvesta lilikuwa ubao mmoja juu ya matofali, ubavuni mwa mashine ya kusaga, pale Babati mjini barabara inapokata kwenda Bonga. Mwaka ule wa themanini na nne watu walikula unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, na kufulia majani ya mpapai, dizeli ikawa kitu cha kusimuliwa, lakini ubishi haukuadimika hata siku moja. Sukari haikuwapo. Mama Sylvesta alikuchovyea kidole cha asali kwenye kikombe, ukitaka cha pili alikutazama mpaka unaona aibu. Hapo ndipo alipoketi Marseli, ambaye kijiwe kizima kilimwita Konokono, redio kaseti mapajani.

Alikuwa na sababu. Jumamosi Mzee Fabiani alikuwa anamwoza binti yake, na bendi ya Arusha ilikosa mafuta ya kuileta. Aliyebaki na vyombo Babati nzima ni Marseli: kinanda cha umeme kinachokula betri ya gari, na kisanduku kinachopiga ngoma chenyewe ukishakitia mawe ya tochi. Miaka yote alitengeneza muziki wake chumbani Maisaka, akirekodi redio hii juu ya ile. Hakuwahi kuupiga mbele ya watu; kijiweni waliusikia kwa kaseti tu. Mzee Fabiani alisema atatoa jibu leo, kijiweni, mbele ya mashahidi.

Basi wakausikiliza. Kinanda kiliingia polepole, ngoma ikafuata kwa mwendo wa mtu anayepanda mlima na gunia na hana wa kumkimbiza. Kwa mbali viboko wa ziwani wakaguna, maana Marseli alilala kwenye matete na redio yake kuwanasa sauti. Watu walipoanza kutikisa vichwa, kinanda kikalegea, kikawa uji, redio ikazima. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Romanus, dereva ambaye lori lake liliegeshwa tangu masika na sasa wanamwita Dizeli, akatoa betri, akaziuma moja moja, akazianika kwenye bati zipate jua. Ubishi ukaanza.

— Muziki mzuri, akasema Dizeli, ila umechoka. Huyu bwana kaharibikia Arusha. Alipiga hotelini, wazungu wakila. Tajiri akamwambia punguza mwendo, watafune taratibu, waagize tena. Mazoea yana taabu.

— Ulianza kabla ya Arusha, akasema Melkiori, aliyetoka seminari bila upadri, wakamwita Padri Mdogo. Alipiga kinanda parokiani kwetu kule juu, Mbulu. Misa ya kwanza ikakutana na misa ya pili mlangoni. Paroko akamwambia nenda na amani, na uende haraka.

— Paroko wa watu alinivumilia miaka mitatu, akasema Marseli.

— Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Sasa samaki anaingiaje hapa, Padri?

— Kwamba wimbo huu upigwe asubuhi. Jioni watu watalala.

Mzee Fabiani akakohoa, wote wakamgeukia. Kwa namna alivyozoea kuhutubia hata anapoagiza kahawa, na kutembea mbio kama anayewahi mkutano, waliomzidi umri walimwita Waziri. Mkononi alikuwa na tochi yake ndefu ya chuma, ambayo hakuiazima hata kwa mkewe.

— Ndugu zangu, tuitazame hali ya nchi. Huu ni muziki wa kubana matumizi. Nyimbo nyingine zinatumia mapigo mia, huyu anatumia arobaini. Yaliyobaki anayaweka wapi? Maana asiyekuwepo na lake halipo.

— Anawapa viboko, akasema Dizeli. Mnadhani utani? Mahindi ya kila mtu kando ya ziwa yameliwa, yake yamesimama. Wana mapatano. Yeye anawapigia, wao wanampa sauti.

— Mimi jirani yangu Otilia, akadakia Padri Mdogo, alibandika maharage redio ya huyu ikilia dirishani. Hayakuiva mpaka jua linazama. Muziki huu unashika saa mkono. Ukipigwa Jumamosi, bwana arusi atazeeka kabla ya keki.

— Keki ipo? akauliza Mama Sylvesta.

— Ya yanga.

Wakacheka. Marseli hakucheka. Ilimuuma, kusema kweli. Mtu unakaa na kitu chako miaka, unakipangusa kama mtoto, halafu watu wanakifanyia mzaha wa kusukumia kahawa.

— Napiga hivi kwa sababu watu wamechoka, akasema. Wanashinda kwenye foleni. Mtu aliyechoka humkimbizi.

Mzee Fabiani aliweka kikombe chini, na Marseli akajua sasa ni hukumu.

— Marseli, wewe ni kijana wetu. Lakini kuna wakati wa zawadi. Watu wanapanga mstari, wanakuja wanacheza na kanga zao na mitungi yao. Kwa mwendo wako huo, wa mwisho atanifikia Jumapili, na mimi chakula ninacho cha Jumamosi tu. Kaza mwendo mara mbili, arusi yako. La sivyo naita tarumbeta.

Pesa Marseli alizitaka, na jukwaa alilitaka kuliko pesa. Angezungusha kitufe kimoja tu cha kile kisanduku, yakaisha. Akaona kidole chake kikikizungusha, akaona aibu yake baada ya hapo.

— Basi ita tarumbeta, Mzee. Sitakaza.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akaonya Padri Mdogo.

— Nimeinama vya kutosha kwenye matete.

Akaanza kukunja waya wa redio. Wakati huo Emerensiana akafika, yule bibi arusi mwenyewe. Alikuwa muuguzi Kondoa, amerudi juzi tu, na kijiwe hiki hakukijua.

— Shikamoo baba. Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Baba, shangazi anakuita, wageni wa Bonga wamefika. Mbona mmenuna hivyo?

— Tunamaliza habari ya muziki wako, mama. Wimbo wa huyu ni wa polepole mno, tumeuchambua tangu mwaka jana. Haufai.

— Mimi sijausikia, akasema Emerensiana. Unaishaje?

Mzee Fabiani akamtazama Dizeli. Dizeli akamtazama Padri Mdogo. Padri Mdogo akatazama juu ya bati, zile betri zilikoanikwa. Hata Mama Sylvesta aliacha kupepea mkaa.

Marseli naye alipigwa butwaa. Chumbani kwake wimbo hulia kwa betri ya gari mpaka mwisho. Haikumjia hata siku moja kwamba watu hawa, wenye kujua kila kitu chake, hawajapita katikati ya wimbo.

— Unaendelea? akauliza Dizeli taratibu.

— Unaendelea sana.

Mzee Fabiani akaipakata tochi yake. Kisha akafungua kitako chake, akamiminia mawe yote kiganjani.

— Tia haya. Tuusikie mwisho.

Marseli aliyatazama. Mapya, bado yanang'aa. Akafunga kaseti ndani ya mfuko wa shati.

— Hapana, Mzee. Mwisho wake unachezwa, hausikilizwi umekaa. Jumamosi.

— Nani amekwambia Jumamosi ni yako?

— Mimi, akasema Emerensiana. Na sitaki kuingia ukumbini mbio, baba. Naondoka kwako mara moja tu.

Mzee Fabiani akainamisha kichwa, akaguna kidogo, kisha akanyoosha kikombe. Mama Sylvesta akainamisha birika, likatoa mashapo.

— Imekwisha, Mzee.

Mzee akauchukua mkono wa Marseli, akautia yale mawe na kukifunga kiganja kwa mikono yake miwili.

— Ya kisanduku chako, alisema. Yasije yakakuishia katikati.

Akaondoka na binti yake, tochi tupu kwapani, na kwa mara ya kwanza watu wa kijiwe walimwona akitembea bila haraka.