Miaka Ishirini na Saba Nyuma ya Kakakuona

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti, Bi. Ratidzo Chikomo, mama yake Runesu na kwa hiyo Mai Runesu kwetu sote, anastaafu baada ya kuitumikia kambi yetu ya kuokoa kakakuona, Murwira, kwa miaka ishirini na saba. Tarehe hiyo ni ya tatu kupangwa. Mbili za kwanza alizipangua mwenyewe, na sababu yake ilikuwa na magamba.

Alikuja mwaka 1998 kujitolea kwa miezi miwili tu, kupika sadza, ugali wa kwetu, na kuteka maji. Alipoletwa kakakuona wa kwanza aliyenusurika mikononi mwa majangili, ni yeye aliyetuonyesha kwamba mnyama huyo hali kwenye sahani. Lazima atembezwe porini kila alasiri, achimbe sisimizi mwenyewe, na binadamu afuate nyuma kimya kimya. Tangu hapo kila anayekuja kujitolea, awe ametoka Harare au ng'ambo, hupita mikononi mwake. Na mikono hiyo si laini.

Muulizeni Ropafadzo, karani wa posta kutoka Gweru, ambaye likizo zake zote huzimalizia kwetu. Siku yake ya kwanza mwaka jana alijipulizia dawa ya wadudu kuanzia shingoni hadi viatuni, kisha akashangaa mbona kakakuona wake hapati chakula.

“We mwanangu,” Mai Runesu akamwambia, “umekuja kumsaidia au kumfukuzia sisimizi? Nenda kaoge, urudi unanuka kama mtu!”

Januari mwaka huu mwanamume mmoja aliokota kakakuona jike shambani, akampeleka kwa mkuu wa kijiji, Sabhuku Makwara, awe zawadi ya heshima kama walivyofanya wazee. Sheria ya siku hizi inakataza, lakini kumrudishia mtu zawadi ya namna hiyo hadharani ni kumwaibisha, na mkuu alikwama. Mnyama alikuwa guniani, mguu umechanika. Mai Runesu, ambaye ukoo wake na wa Makwara ni watani wa kuzikana, aliingia uani bila hodi, akavaa kofia ya mkuu, akaketi kwenye kigoda chake.

“Makwara, una meno matatu. Mnyama huyu utamtafunia wapi?”

“Mtani, hiyo ni zawadi ya heshima.”

“Basi heshima naibeba mimi. Ninyime, hawa wote wakuone!”

Mtani akidai hivyo hanyimwi. Watu walicheka, mleta zawadi akacheka kuliko wote, na mkuu akashusha pumzi. Gunia likaja kambini. Tulimwita Muroora, yaani mkwe, kwa kuwa alifika amejifunika uso kama bibi harusi.

Tatizo ni kwamba Muroora alikubali kula akiwa na Mai Runesu peke yake. Akitembezwa na mwingine alijikunja kama mpira, na siku tatu za namna hiyo mwezi Machi nusura zimuue. Hivyo tarehe ya kustaafu ikasogea hadi Juni, kisha Agosti. Wakati huo goti la Mai Runesu lilikuwa limevimba, na daktari wa Chiredzi hakuzungusha maneno: akiendelea na mizunguko ile, hatatembea tena. Tulibaki na siku chache kumpata wa kumrithi, la sivyo tuchague kati ya goti na mnyama. Ropafadzo, aliyekuwa ameingia likizo, akasema atajaribu.

Jumatatu ya wiki iliyopita Muroora hakula. Jumanne hakula. Jumatano nikamfumania Mai Runesu nyuma ya mti wa mopane, amechuchumaa na goti lake bovu. Alisema anatazama tu. Hatua chache mbele Muroora alikuwa amesimama, pua juu, akitafuta harufu yake. Kumbe siku zote tatu mama yetu alikuwa akiwafuata kwa siri, na kwa mapenzi yake hayo hayo ndiye aliyekuwa akimlaza mnyama njaa. Nilipomwambia, alikaa chini mavumbini. Sijawahi kumwona ameumia vile.

Alhamisi Sabhuku Makwara alifika na mkeka, akajilaza mlangoni pa nyumba ya Mai Runesu.

“Leo ukitaka kutoka, niruke.”

“Nitakukanyaga.”

“Kanyaga. Ukinivunja mbavu nahamia kwako, uniuguze.”

Walibishana hadi jua likazama. Ndipo Ropafadzo akaja mbio, vumbi hadi kwenye nyusi.

“Amekula, Mai! Vichuguu viwili! Tumbo limejaa!”

Kambi nzima ilipiga vigelegele. Mai Runesu aliuliza swali moja tu.

“Hakunitafuta?”

Ropafadzo angeweza kumdanganya, lakini hakumdanganya.

“Hapana, Mai. Hakukutafuta.”

Mai Runesu alilia, akacheka huku analia, kisha akaomba sadza na kumaliza sahani mbili.

Mai Runesu, asante kwa kila alasiri uliyotembea, na kwa kila mgeni uliyemkaripia hadi akawa mtu wa kazi. Goti lako lipone, mahindi yako yazae, na wajukuu wakusikilize kuliko tulivyokusikiliza sisi. Muroora anaendelea kula na hakutafuti tena. Sisi tutakutafuta.