Bi Bado na Picha Iliyogeuka

Miaka ishirini na nane. Maonyesho ishirini na nane ya biashara ya muziki, na hakuna hata moja alilokosa, si kwa homa, si kwa mvua, si kwa msiba. Tarehe 30 mwezi huu, saa kumi jioni, mpiga picha wetu anarudisha funguo na kustaafu rasmi. Kwenye faili ana jina lake refu zuri. Ukumbini tunamwita Bi Bado.

Wasifu huu nimeuandika mimi, fundi seremala wa mabanda. Katibu muhtasi alijitolea kuniandikia, maana anajua mimi na kalamu hatujazoeana. Nikamwambia, mwanangu, Bi Bado alipoanza kazi hapa wewe ulikuwa unatambaa, utaandika nini? Amesahihisha koma tu, na hizo koma nilikuwa nazo. Mimi mwenyewe nilistaafishwa miaka sita iliyopita, nikarudi kwa mkataba Jumatatu iliyofuata kwa sababu mabanda yalikataa kusimama. Mabanda mia na arobaini kila mwaka, na halijaanguka hata moja. Liliwahi kuinama moja. Kuinama si kuanguka.

Jina la Bado lilitokana na kazi. Wauza vyombo vya muziki wana ugonjwa mmoja: wakiona kamera wanakakamaa. Mtu anayepiga tarumbeta vizuri mpaka mwili unasisimka, mwekee kamera mbele, anageuka picha ya kitambulisho. Basi Bi Bado ananyanyua kamera, mtu anatoa meno, yeye anasema, "Bado." Mtu anaendelea kutoa meno. "Bado." Meno yanachoka. Mabega yanashuka, mtu anasahau kama yuko kwenye picha, anageukia ngoma yake na kuifuta vumbi kwa mkono wa shati kama anamfuta mtoto kamasi. Hapo ndipo kamera inalia. Vijana wa ukumbini wakaanza kumtania. Bi, umechoka? Bado. Umepata mchumba? Bado. Na yeye anacheka nao.

Watu wa nje hawajui kelele za pale. Watu mia nne wanajaribu vyombo kwa pamoja, kila mmoja na wimbo wake, na hakuna anayemaliza. Bi Bado alikuwa anaziba masikio kwa pamba, kwa hiyo akizungumza anapiga kelele bila kujijua. Mwaka mmoja mgeni rasmi alisimama mbele ya piano kubwa nyeusi, ndiyo iliyokuwa fahari ya maonyesho. Mkurugenzi akamuuliza Bi Bado kwa ishara, vipi, hapo panafaa? Wakati huohuo kelele zote zikakatika, umeme ulikuwa umezimika, na ukumbi mzima ukamsikia akisema, "Hapana, bosi, huyu ana tumbo, ataziba piano!" Mgeni rasmi akavuta tumbo ndani. Picha ilitoka nzuri sana, na mwenyewe aliomba nakala tatu.

Lakini hayo ni ya kuchekesha. Ninalotaka lijulikane kabla hajaondoka ni lile la picha iliyogeuka, kwa sababu wengi wanalisimulia vibaya, na wanaosimulia vibaya hawakuwepo. Mimi nilikuwepo.

Mwaka wake wa tatu Bi Bado alikuwa kibarua. Anaitwa maonyesho yakikaribia, anaachishwa kitabu cha maonyesho kikishatoka. Mumewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na yeye na mabinti zake wawili walikuwa wanalala sebuleni kwa dada yake, nyuma ya pazia. Kila asubuhi, kabla wageni wa dada hawajabisha hodi, godoro linakunjwa na kusukumwa nyuma ya kabati. Mwaka huo hakuachishwa, kwa sababu barua yake ya ajira ya kudumu ilikuwa imeshachapwa. Ilikuwa juu ya meza ya mkurugenzi wa wakati ule, sasa marehemu, ikisubiri saini. Ajira hiyo ilikuja na nyumba ya wafanyakazi, vyumba viwili na jiko. Binti mdogo alikuwa ameshapelekwa kuiona, na ameshachagua ukuta wa kubandika vitu vyake.

Mwaka huohuo alikuja fundi mmoja wa magitaa, mgeni kabisa. Alichelewa kujiandikisha, akapewa banda la mwisho, lile la jirani na vyoo. Mchora vibao alikuwa ameshafunga kazi, kwa hiyo banda halikuwa hata na jina. Siku nne alikaa pale na magitaa yake matatu. Watu walimpita wakikimbilia chooni, na wakitoka walimpita tena, taratibu zaidi. Hakuuza kitu. Siku ya mwisho Bi Bado akampiga picha amekaa kwenye kigoda, gitaa mapajani, anajipigia mwenyewe. Kwake haikuhitajika hata bado moja. Yule bwana hakujua kukakamaa.

Picha zile ziliingia kwenye kitabu cha maonyesho, kinachopelekwa kwenye maduka ya muziki ya nchi nyingi. Kitabu kilitoka. Wiki sita baadaye fundi wa magitaa akaingia ofisini amekunja uso, ana barua kumi na moja mkononi. Akazitupa mezani kwa mkurugenzi.

"Nimewakosea nini watu hawa? Kumi na moja, wote wananiita mashoto! Mimi mkono wa kushoto hata chumvi sipokelei!"

Katibu wa siku zile akazisoma barua kwa sauti. Zote zilikuwa wimbo mmoja: sisi tunapiga kwa mkono wa kushoto, tumetafuta miaka mingi gitaa linalotufaa, tumekuona kitabuni unapiga kama sisi, tafadhali tuuzie kama hilo lako. Mkurugenzi akafungua kitabu. Kweli, mtu kwenye picha anapiga nyuzi kwa mkono wa kushoto. Akamtazama mwenye picha, akaitazama picha, akamtazama tena mwenye picha. Wasomi walikuwa wanne mle ndani, wakaanza kubishana kama mtu anaweza kusahau mkono anaoutumia.

Mimi nilikuwa palepale nafunga bawaba za kabati. Maandishi nayasoma kwa kupapasa, lakini mbao nazisoma bila miwani. Nikachungulia. Lile banda nililipiga kiraka mwenyewe, ubao wenye kifundo kikubwa kama jicho la ng'ombe, mkono wa kulia wa anayeingia. Kwenye picha kiraka kiko kushoto. Banda haliwezi kuhama. Kilichogeuka ni picha.

Niliteremka ngazi mpaka chumba cha giza, nikagonga, nikaingia kwenye ile taa nyekundu, nikamwambia. Akatafuta kipande cha filamu kwenye bahasha, akakiinua kwenye taa. Filamu ina upande unaong'aa na upande uliofifia, na kwenye mashine ya kukuzia picha ule unaong'aa unakaa juu. Alikuwa amekuza picha mia na arobaini kwa siku mbili, peke yake. Hii moja aliilaza kifudifudi.

Nikamwambia, "Dada, humu tumo wawili na taa. Wale wa juu hawajui, wataishia kusema mtu kajisahau. Barua yako haijasainiwa. Nyamaza." Ulikuwa ushauri mzuri, na mpaka leo nasema ulikuwa mzuri.

Akanitazama. "Fundi, yule mtu anadhani anatukanwa."

Akavua aproni, akapanda ngazi. Nilimfuata, nikamkuta ameshasimama mbele ya meza, barua yake mwenyewe iko pale chini ya macho yake. "Bosi, picha imegeuka. Niliigeuza mimi."

Fundi wa magitaa ndiye aliyesema wa kwanza. "Kwa hiyo hawa hawanitukani?"

"Hawakutukani, kaka. Wanataka magitaa."

Akakaa. Akaziokota zile barua moja moja, akaanza kuzinyoosha mikunjo kwa kiganja juu ya goti. Kisha akasema polepole, "Na mimi gitaa la shoto sijui hata linaanziwa wapi."

Mkurugenzi alichukua ile barua ya ajira, akaiweka kwenye droo, akaifunga. "Tuonane baada ya wiki mbili," alimwambia Bi Bado, na sauti yake haikuwa ya mtu anayetaka kuonana. Nyumbani kwa dada, binti mdogo aliambiwa ukuta usubiri.

Sasa wengi wanadhani gitaa la shoto ni kugeuza nyuzi tu. Fundi alizigeuza, likatoa sauti ya mgonjwa. Ndani ya gitaa, chini ya ule ubao wa mbele, kuna vijiti ambavyo mwenyewe anaviita mbavu, vimelala upande mmoja kama mvua ya upepo. Ukigeuza nyuzi lazima ugeuze na mbavu. Na mikono yake ilikuwa imezoea njia moja miaka ishirini. Kila akianza kushoto, akishtuka yuko kulia. Aliharibu ubao wa kwanza. Akaharibu wa pili. Nalijua hilo kwa sababu alikuja kuomba mbao kwangu, nikampa, na nilimpa nzuri.

Bi Bado aliposikia, alibeba kamera akaenda karakana ya yule bwana. Akapiga picha gitaa moja la kawaida kabla ubao wa mbele haujagandishwa, mbavu ziko wazi, kamera imesimama sawasawa juu yake. Akarudi chumba cha giza. Safari hii alikilaza kipande cha filamu kifudifudi kwa makusudi. Akakuza picha mpaka ikalingana na gitaa lenyewe, karatasi sita zilizounganishwa kwa gundi. Mbavu zote zilikuwa zimegeuka, hata mkwaruzo wa patasi uliokuwa kushoto ulikuwa umehamia kulia. Akaenda kumtandikia juu ya meza ya kazi.

"Fuata karatasi, kaka. Mikono yako usiisikilize."

Siku ya kumi na mbili gitaa la kwanza la shoto likatoka. Fundi alilileta ofisini limefungwa kwenye shuka. Mkurugenzi hakujua kupiga hata filimbi. Aligonga tumbo la gitaa kwa kidole kama anayechagua tikiti, akauliza mchoro wake ulitoka wapi. Akaambiwa. Akafungua droo.

Alisaini, kwa sharti moja: kuanzia siku ile, hakuna picha itakayoingia kitabuni kabla seremala hajaikagua mbao. Barua ya sharti hilo ninayo, ina mhuri. Ofisi hii ina wakaguzi wa kila aina, lakini mkaguzi wa mbao ni mmoja.

Bi Bado na mabinti walihamia Jumamosi. Godoro nililibeba mimi. Misumari ya ukuta wa binti mdogo niliigonga mimi, na haijang'oka. Yule fundi wa magitaa leo ana wafanyakazi tisa, na wenye shoto wanamfuata kutoka mbali. Banda lake siku hizi liko mlango mkubwa.

Basi kila mwaka, Jumatano ya kwanza baada ya maonyesho, watu wakishakula mchana, Bi Bado alikuwa anakuja karakanani na boksi la picha. Mimi nafuta vumbi la msumeno mezani, yeye anavuta kigoda, tunapitia moja moja. Mimi natazama mbao, yeye ananisimulia watu: huyu amefiwa na mkewe ndiyo maana haleti tena vinanda viwili, huyu binti yake ndiye anayepiga sasa. Miaka nane ya filamu nilimkamata mara moja tu, na aliyegeuka alikuwa mkurugenzi mwenyewe, anakata utepe kwa mkono wa kushoto. Tulicheka mpaka Bi Bado akalazimika kwenda kunawa uso.

Halafu zikaja kamera hizi mpya. Hazina filamu, kwa hiyo hakuna cha kulaza kifudifudi. Ni miaka kumi na saba sasa. Mkaguzi hana cha kukagua. Mimi nalijua hilo, na yeye mwenye kamera alilijua kabla yangu. Lakini kila mwaka, Jumatano ileile, alizichapisha picha zote, akaja nazo. Nami nilifuta meza, nikavaa miwani ambayo siihitaji, nikazikagua. Hatukuwahi kulizungumza.

Jumatano iliyopita alileta za mwisho, mia mbili na sita. Ile ya chini kabisa niliishika muda mrefu. Akaniuliza, "Vipi fundi, imegeuka?" Nikamwambia asiniharakishe.

Bi Bado, kwa niaba ya ukumbi, ofisi na karakana, asante kwa kila sura uliyoisubiri mpaka ikawa ya mwenyewe. Mpiga picha mpya ameshaajiriwa na ni hodari. Nimemwambia picha zake asiniletee. Tunakuombea magoti yasiyouma, wajukuu wakuzunguke, na siku zilizobaki ziwe nyingi na njema.

Jumatano nipo karakanani.