Kifuniko cha Chombo cha Chizuru

Isao, punguza hilo jiko la mafuta ya taa, joto linanibana kifua, kisha uje ukae hapa miguuni pangu nikuone. Chizuru, usiondoke kwenda kutazama tanuri. Tanuri halina neno, nalisikia kupitia ukutani linanguruma kama kawaida yake. Kaeni wote wawili mnisikilize, wanangu, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusemea tu, haitoshi tena kupulizia hata boya la kioo la wavu, na nikishaanza msinikatize, kwa sababu nikikatizwa sijui kama nitaweza kuanza upya.

Jana mlidhani nimelala. Sikulala. Mlango wa karatasi hauzuii maneno, na yule Nishiwaki muuza vyombo ana sauti ya mnadani hata anaponong'ona. Nilimsikia akinywa chai yetu, akilalamikia theluji iliyochelewesha treni yake, akaulizia hali yangu harakaharaka, kisha akafika alikokuwa anaelekea tangu alipotoka Tokyo. Kwamba wakusanyaji wake wanangoja chombo cha mwisho cha Kanematsu Genzo, yaani mimi. Kwamba kile chombo cha maua cha buluu kilichoko kwenye rafu ndicho hasa wanachokingoja, ila kimepungukiwa na sanduku lenye jina, na chombo kisicho na jina la mtengenezaji kwenye kifuniko cha sanduku lake ni kama mtoto wa kuokotwa, hakuna nyumba ya maana itakayokipokea. Halafu akasema neno ambalo limeninyima usingizi mpaka asubuhi: "Mzee hawezi kushika brashi, lakini Isao anauandika mwandiko wa baba yake vizuri kuliko baba mwenyewe. Nani atajua?"

Nilikutegea sikio, Isao. Nilikuwa nangoja umtimue, nikasikia unammiminia chai nyingine. Nikajiambia haidhuru, Chizuru yupo, chombo kakipuliza yeye, atakataa. Na wewe, mama, ukajibu kwa ile sauti yako ya adabu, "Liandikwe jina la Baba. Mimi ni mkono wake tu."

Tangu ugonjwa huu uniangushe nimechomwa sindano, nimepitishiwa mirija, nimegeuzwa kitandani kama samaki wa kuokwa, na hayo hayakuniliza. Jana nililia, nikauma shuka ili msinisikie. Naogopa, wanangu. Siogopi kufa, nimeshazoea kuliwaza jambo hilo. Naogopa kwamba nikishafumba macho mtalitenda lile, na mimi sina uwezo wowote wa kulizuia.

Chombo kile kilipopulizwa nilikuwa tayari nimelala hapa. Upepo wa vuli ulikuwa unagongagonga madirisha, na ninyi wawili mlikuwa peke yenu karakanani, Isao akifungua na kufunga mlango wa tanuri. Nilisikiliza viatu vyako, Chizuru. Nilisikia unarudisha mrija wa kupulizia motoni, unatoa, unarudisha tena, nikataka kupiga kelele kwamba unazidisha moto, shingo italala, lakini sauti haikutoka. Kisha viatu vikasimama, nami nikajua basi, kimeharibika. Halafu nikamsikia Isao anacheka, Isao ambaye hajawahi kucheka karakanani tangu utotoni.

Kilipokwisha kupoa polepole inavyotakiwa, mlikileta mkiwa mmekifunga kwenye taulo, mkakilaza juu ya tumbo langu. Chini ni kizito, buluu ya bahari ya Desemba nje ya ukuta wa bandari, na buluu ile inapungua kadiri inavyopanda, mpaka mdomoni huwezi kuonyesha kwa kidole kioo kinaishia wapi na hewa inaanzia wapi. Na vile viputo. Vinapanda upande mmoja tu, kama vile kuna mtu ndani amepumua kisha akageuza uso. Nilikitafuta kitu hicho maisha yangu yote. Viputo vyangu vilienea kote kote kama sufuria ya wali inayochemka, wakusanyaji wakavisifu, magazeti yakavisifu, na mimi nilijua kwamba sijafika. Machozi yalinitoka, mkadhani ni maumivu, mkaninywesha dawa. Uliponiuliza nakionaje nikakwambia mdomo umepinda kidogo. Haukupinda. Ni kisirani cha uzee tu, nisamehe.

Sasa niwaambie kwa nini neno lile la mkono limenichoma. Mnajua kwamba nilianza kwa mwalimu Ogasawara, enzi tulipokuwa tunapuliza maboya ya nyavu za samaki, mpaka maboya ya plastiki yalipokuja na mwalimu akageukia vyombo vya maua. Alikuwa na jicho ambalo sijaliona kwa mtu mwingine, lakini sigara zilishammaliza kifua. Akichora, napuliza. Anasimama nyuma yangu na kijiti chake, ananigusa bega la kulia nigeuze, la kushoto nisimame. Jina lililokwenda kwenye kifuniko lilikuwa lake. Ndivyo karakana zote zilivyokuwa, anayepuliza mmoja, anayeandika jina mwingine, na wala simwiti mwizi, nimekula wali wake na kila ninachokijua amenifunza yeye.

Lakini kuna chombo kimoja, cheupe, kama pumzi ya mtu siku ya baridi. Hicho hakukichora. Alikuwa amelazwa hospitali, nikakipuliza kutoka kichwani mwangu, aliporudi akakitazama sana, akaagiza sanduku, akaandika jina lake. Baadaye kikanunuliwa na jumba la makumbusho. Nilikwenda kukiona pamoja na mama yenu Fumie, akiwa na mimba yako Isao, tena mimi mwenyewe ndiye niliyemsihi twende. Kilikuwa ndani ya kabati la kioo, taa inakimulika kwa chini. Mama yenu akakisoma kile kikadi, akaondoka moja kwa moja mpaka kwa mlinzi, mzee mmoja mwenye kofia, akamwambia, "Samahani, aliyetengeneza hiki ni mume wangu, yule pale mwenye koti la kahawia."

Mlinzi akanitazama. Watu wawili watatu waliokuwa karibu nao wakanitazama. Nikainama, nikasema, "Mke wangu amechanganya mambo. Mimi nilikuwa mkono wa mwalimu tu."

Ndiyo, Chizuru. Maneno yaleyale, na kwa adabu ileile. Sikukufundisha mimi, sijui uliyatoa wapi. Kwenye treni mama yenu alinipa kisanduku changu cha chakula lakini vijiti vya kulia akabaki navyo, nikala wali kwa vidole mbele za watu. Na tangu siku hiyo hadi anakufa, akinikasirikia ananiita Bwana Mkono. Bwana Mkono, chai tayari. Bwana Mkono, theluji imeziba mlango. Mlikuwa mnacheka mkiwa wadogo, nami nilicheka pamoja nanyi, na kila mara lilikuwa linanikata.

Nilipokuja kuandika jina langu kwenye kifuniko kwa mara ya kwanza, mwalimu alikwisha kufa na nywele zangu zilishaingia mvi. Pumzi yangu nzuri ilikuwa imekwisha kutumika. Vyote mnavyoona watu wanavigombania leo vyenye jina la Genzo nilivipuliza kwa kilichosalia. Kile cheupe ndicho kilichokuwa changu kweli, na kitakaa pale juu ya ile taa na jina la mtu mwingine hata baada yenu, wala hakuna wa kumwendea. Sitaki mwanangu aijue hali hiyo. Siitaki kabisa.

Nishiwaki atakwambia ni hiki kimoja tu, kinachofuata kitakuwa chako. Usimwamini. Marehemu akiuza vizuri atafufuliwa kila msimu wa maonyesho. Watakuta cha mwisho kingine stoo, halafu kingine, na vyote utavipuliza wewe, mpaka kifua chako nacho kichoke, na siku utakayotaka kuandika Chizuru watakuuliza Chizuru ni nani.

Isao, najua unachotaka kunijibu. Tanuri linakunywa mafuta mchana na usiku, una mke na watoto, jina langu ndilo lililokuwa linaleta watu mpaka Otaru na jina la dada yako halijaleta mtu. Nilimsikia akisema chombo chenye jina la mwanamke asiyejulikana kitanunuliwa na nyumba ya wageni kiwekewe miavuli mlangoni. Pengine ni kweli. Pengine mtalifunga tanuri kabla ya mwaka kwisha. Ndiyo maana sikuamrishi. Nakuomba, mimi baba yako, na hujawahi kusikia nikikuomba kitu.

Najua pia una kinyongo. Nilikufukuza pale mbele ya moto ukiwa kijana, nikasema una mikono ya mbao, basi ukaende kwenye mbao. Ukaenda. Na masanduku yako, Isao, ukiweka kifuniko juu na kukiachia, kinashuka chenyewe taratibu kwa kusukuma hewa ya ndani, mpaka kinatua bila sauti. Kuna wakusanyaji wanaokifungua na kukifunga mara kadhaa kabla hawajakumbuka kutazama chombo. Niliona, nikanyamaza. Leo nakwambia.

Nyumba hii ni yako, Isao, na ghala la mbao la nyuma. Chizuru achukue tanuri, mirija, na vile vikombe vya mti vya kuviringishia kioo cha moto vilivyokuwa vya Ogasawara. Virudishe majini ukivitumia, mama, unavisahau vikakauka. Chumba cha juu umwachie dada yako hata akiolewa. Msizime tanuri kwa ajili ya msiba wangu, chungu cha kuyeyushia kioo kikipoa kinapasuka. Majirani wakisema hamna heshima, waacheni waseme. Na mtawa wa hekaluni akija kunipa jina jipya la marehemu, mwombeni anipe fupi. Nimeshasumbuka vya kutosha na majina.

Nipe maji. Kidogo. Basi.

Sasa leteni sanduku. Hilo hapo, Isao, ulilificha nyuma ya mapazia, nimeliona tangu asubuhi. Kifuniko bado cheupe? Afadhali. Sugua kijiti cha wino kwenye jiwe lake. Usugue taratibu, uwe mzito. Chizuru, shika brashi, andika sasa hivi mbele yangu, kabla sijaondoka, likishaandikwa Nishiwaki hana la kufanya. Jina lako. Kanematsu Chizuru, basi, hakuna lingine.

Tayari? Nisogezee. Karibu zaidi, macho yameanza kujaa ukungu.

Hili ni jina langu, Chizuru.

Usipige magoti. Usiniombe msamaha, sina muda wa msamaha. Unadhani unaniheshimu, ee? Unanizika mara mbili, mwanangu, na wewe mwenyewe unajizika juu yangu. Isao, chukua randa yako. Ndiyo, lete hapahapa chumbani, acha takataka zianguke kwenye mkeka. Ubao ni mnene, umeutengeneza mwenyewe. Lipige randa jina hilo mpaka liishe.

Harufu nzuri, mbao hiyo. Sikuwahi kuisikia vizuri, siku zote ilikuwa moto tu.

Mpe brashi tena. Andika, mama. Nisikilizeni wakati anaandika, sauti inaniponyoka... Mle pamoja walau siku ya mwaka mpya. Msiuze mrija wangu mrefu. Pumzi yako, Chizuru, iwe ndefu kuliko yangu, na kila unachokipuliza kikae na jina lako mpaka kivunjike. Nyumba yako, Isao, isikose moto wala wali. Watoto wako wakuseme vizuri. Nawaombea... hayo nawaombea wote wawili.

Umemaliza? Kileteni... Hapana, sioni tena. Ni cheupe chote. Isao, nisomee wewe. Chizuru atanidanganya kwa mapenzi, wewe hujawahi kunidanganya, ulikuwa unaninunia tu. Limeandikwa jina la nani?

Isao. Mbona hunijibu? Limeandikwa la nani, mwanangu, niambie, nisiondoke hivi.

Hiyo ni... Hiyo ni randa. Ameandika langu tena, na wewe unalifuta bila kuambiwa. Vizuri. Vizuri sana, baba. Usiache, hata mimi nikinyamaza usiache. Ubao bado upo. Piga randa, halafu mpe brashi.